Nissan ya vitofali yenye mota: kuunda, kupima na kuboresha

Mota ikilia na gari lisisogee, usikimbilie kununua mota kubwa zaidi. Mara nyingi mota ni nzima na tatizo liko kwenye fremu: imelegea, inapinda gari linapoanza kuvuta, gia zinaachana kwa nusu milimita na meno yanaanza kurukana. Au ekseli imebanwa mno na nguvu yote inaishia kwenye msuguano. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na sehemu ya chini, yaani fremu na ekseli, na bodi inakuja mwisho kabisa. Anayeanza na bodi huibomoa mara tatu.

Gari tunalounda kwa vitofali vya plastiki vya LEGO ni matatu ya abiria 14, ile ambayo Nairobi huiita nissan hata kama ni Toyota HiAce. Imechaguliwa kwa sababu ina umbo la sanduku, injini yake ya kweli husukuma magurudumu ya nyuma, na ndani kuna nafasi tele ya kuficha betri na nyaya.

Vipimo kwanza

Vitofali vya LEGO vina kipimo kimoja ambacho kila kitu hufuata: kutoka katikati ya kinundu hadi kinundu kinachofuata ni milimita 8. Fito za Technic, zile zenye matundu na zisizo na vinundu, zinatumia milimita 8 hizo hizo kutoka tundu hadi tundu. Kwa hiyo tukisema "29" hapa chini, ni nafasi 29 za milimita 8.

Tairi ndiyo huamua ukubwa wa gari zima. Tumia tairi za 62.4×20, namba hiyo imeandikwa ubavuni mwa tairi yenyewe, na maana yake ni kipenyo cha milimita 62.4 na upana wa milimita 20. Tairi ya HiAce inakaribia milimita 700, hivyo kipimo chetu ni takriban 1 kwa 11. HiAce ya bodi fupi ina urefu wa milimita 4695, upana 1695, kimo 1980, na kutoka ekseli hadi ekseli ni 2570. Ukigawanya unapata:

urefu 52, upana 19, kimo 22 kutoka ardhini, ekseli hadi ekseli 29.

Andika namba hizo kwenye karatasi na uibandike ukutani. Ukibadilisha tairi, zote zinabadilika.

Vifaa na mahali pa kuvipata

Kwa fremu na mwendo unahitaji fito 10 za matundu 15, fito 4 za matundu 7, fremu tatu za 5×7, difu moja ya meno 28 (gia inayoyaacha magurudumu mawili ya nyuma yazunguke kwa mwendo tofauti), gia moja ya meno 12 iliyokatwa mshazari ya kuizungusha difu, gia tatu ndogo za mshazari za ndani ya difu, ekseli 2 za urefu wa 8 na nyingine fupi za 3 hadi 5, bushi kama 12 (pete ndogo za kuzuia ekseli isitembee), reki ya usukani (upau wenye meno), gia moja ya meno 8, na pini nyeusi zisizopungua 60. Rangi za pini si urembo. Nyeusi ina ukinzani na hushika. Ya kijivu haina, huzunguka bure. Pini-ekseli ya buluu hushika, ya rangi ya mchanga huzunguka. Ukiweka nyeusi mahali gurudumu linapogeukia, usukani utakuwa mzito na utatafuta kosa siku nzima.

Upande wa umeme: mota moja ya L (M, L na XL ni ukubwa wa mota), mota ya servo kwa usukani, kasha la betri 6 za AA, rimoti na risiva inayopokea ishara zake. Mfumo wa umeme wa LEGO uitwao Power Functions, uliotoka mwaka 2007, umeshaachwa kutengenezwa, lakini ndio rahisi kuukatakata na kuunganisha upya, kwa hiyo tunautumia hapa. Mfumo uliofuata, Powered Up, hutumia Bluetooth na simu, na plagi zake haziingiliani na zile za zamani. Usinunue mota ya mfumo mmoja na kasha la mwingine, muuzaji hatakuambia.

Toi na Gikomba, masoko ya mitumba ya Nairobi, vitofali huja vimechanganywa na midoli mingine. Beba ekseli moja na ufito mmoja unaouamini. Ekseli ipite kwenye tundu la kipande unachonunua na kuzunguka kwa kuguswa tu, ikikwama, kiache. Angalia matundu yaliyopanuka na gia ambazo meno yake yamechongoka. Vipande vya kampuni za China kama CaDA na Mould King huingiliana na vya LEGO, na kwa bodi havina shida. Kwenye difu na gia, jaribu kila kipande kabla ya kukiamini. Ukifika nyumbani, osha kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi digrii 40 na sabuni kidogo, kisha uanike kivulini. Mota haioshwi.

Nyaya, swichi, vishikio vya betri, taa na vizuizi (resistor) vyote vinapatikana Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi.

Fremu

Hesabu matundu kutoka mbele, 1 hadi 45. Ekseli ya mbele iko tundu la 8, ya nyuma tundu la 37.

Panga fito tatu za matundu 15 kwa mstari mmoja: hiyo ni reli ya kushoto. Fanya nyingine ya kulia. Acha nafasi 7 kati ya reli hizo mbili. Sasa reli ina viungo viwili dhaifu, kati ya 15 na 16, na kati ya 30 na 31. Kila kiungo lazima kifunikwe na ufito mwingine unaovuka. Kiungo cha mbele kifunike kwa ndani, ufito wa 15 ukianzia tundu la 8 hadi la 22. Cha nyuma kifunike kwa nje, kuanzia 23 hadi 37. Piga pini angalau nne kila upande wa kiungo.

Kwa nini mbele ndani na nyuma nje? Kwa sababu magurudumu ya mbele hukata kona. Ukiweka ufito kwa nje huko mbele, tairi litaugusa kila ukigeuza usukani. Hesabu yake iko kwenye sehemu ya usukani.

Pale kati ya 22 na 23 reli ni ya unene mmoja tu. Funga hapo fremu ya 5×7 kuunganisha reli mbili, kisha kasha la betri likae juu yake, kati ya tundu la 12 na la 24. Betri sita za AA ndizo mzigo mzito kuliko vyote kwenye gari hili. Zikae chini, katikati ya ekseli mbili. Ukiziweka darini ili iwe rahisi kuzibadilisha, gari litalala ubavu kona ya kwanza.

Shika fremu mkono huu na huu, ikunje kama unayekamua nguo. Ikijikunja zaidi ya milimita chache, ongeza fito za mshazari au fremu nyingine sasa hivi, kabla hujaweka chochote juu.

Ekseli ya nyuma na difu

Difu inakaa ndani ya fremu ya 5×7, fremu ikilala kwa urefu wa gari, kati ya tundu la 34 na la 40. Upana wake ni 5, reli ziko 7, kwa hiyo inabaki nafasi 1 kila upande. Ijaze kwa ufito wa matundu 7. Sasa kila nusu-ekseli inapita kwenye kuta nne mfululizo: fremu, ufito wa kujazia, reli, na ufito wa nje. Hapo haitapinda.

Ekseli ya 8 inatoka kwenye difu, inapita kuta hizo, kisha bushi moja, kisha gurudumu. Kabla ya kusukuma gurudumu hadi mwisho, weka kipande cha karatasi kati ya bushi na ufito, bana, kisha chomoa karatasi. Nafasi hiyo nyembamba ndiyo inayotofautisha gari linaloteleza na gari linalokwama. Bila bushi kabisa nako ni hatari: ekseli hutembea taratibu na gurudumu hudondoka katikati ya mchezo.

Gia ya meno 12 inaingia kutoka mbele na kuuma meno 28 ya difu. Iungwe mkono mbele na nyuma yake. Gia hii ikishikwa upande mmoja tu, itasukumwa mbali na difu kila gari linapoanza, na utasikia tok-tok-tok. Sauti hiyo ni meno yanaruka.

Jaribio la ubao: kabla ya kuunga mota, weka fremu kwenye ubao wa mita moja ulioinuliwa upande mmoja kwa sentimita 8 hadi 10. Lazima iteremke yenyewe bila kusukumwa. Isipoteremka, legeza bushi moja moja hadi umpate mkosaji. Usiendelee kabla ya jaribio hili kupita.

Mota ipi, na gia gani

Kwa volti 9 bila mzigo, mota ya L huzunguka takriban mara 390 kwa dakika, na ikizuiwa kabisa hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-sentimita 18. XL huzunguka mara 220 na kutoa 40. M huzunguka mara 405, lakini hutoa 11 tu.

Kutoka meno 12 kwenda 28, mwendo unapungua mara 2.33 na nguvu inaongezeka kiasi hicho hicho. Ukiweka L moja kwa moja kwenye gia ya 12, magurudumu yatazunguka 167 kwa dakika. Mzingo wa tairi letu ni milimita 196. Hiyo ni mita 33 kwa dakika, karibu kilomita 2 kwa saa, ambayo kwa kipimo cha 1 kwa 11 ni kama nissan ya kweli inayokwenda kilomita 22. Kwa Thika Road saa kumi na moja jioni, hiyo ni mbio. Gari likibeba uzito wake mwendo utashuka kidogo.

XL moja kwa moja ingekupa mizunguko 94 tu, kama konokono. Lakini ukiipitisha kwanza kwenye gia ya 20 inayozungusha ya 12, unapata 157 na nguvu ya 56 kwenye magurudumu, dhidi ya 42 za L. Kwa hiyo XL yenye gia hizo inakwenda karibu sawa na L lakini inavuta kuliko L. Gharama yake ni ukubwa: XL ni 5×5×6, L ni 3×4×7. Anza na L. Ukishajua uzito wa bodi yako ndipo uamue. Gia za 20 na 12 zinakaa umbali wa nafasi 2 kamili, kwa hiyo kubadilisha si kubomoa.

Njia ya kujua umbali wa gia zozote mbili: jumlisha meno, gawa kwa 16, unapata nafasi. Meno 8 na 24 ni nafasi 2. Nane na 40 ni 3. Nane na 16 ni moja na nusu, ndiyo maana zinasumbua kuzipanga.

Mota ya L ikae kati ya tundu 26 na 32, mhimili wake ukilingana na wa difu. Ifungwe usoni kwa pini na pia mgongoni. Mota iliyofungwa usoni tu hujipinda na kuivuta gia. Punguzo la mwendo liwe karibu na magurudumu: ekseli za plastiki hujinyonga zikibeba nguvu nyingi, na ndefu hujinyonga zaidi. Mhimili wa kati uzunguke haraka na kwa wepesi, na nguvu izaliwe mwishoni, kwenye difu.

Usukani

Servo hugeuka digrii 90 kila upande na kurudi katikati yenyewe. Rimoti ya vijiti hugeuza hadi mwisho kwa mkupuo mmoja. Rimoti ya magurudumu mawili hugeuza hatua kwa hatua, na kwa nissan hiyo ndiyo nzuri.

Weka gia ya meno 8 kwenye servo. Ikigeuka robo, reki husogea milimita 6.3. Mkono wa usukani ukiwa na urefu wa nafasi 2, tairi litageuka takriban digrii 23. Ukiweka gia ya 12, reki itasogea milimita 9.4 na tairi kugeuka digrii 36. Inavutia, lakini hesabu: kati ya reli na ubavu wa tairi kuna nafasi 2, yaani milimita 16. Kwa digrii 23 mbele ya tairi huingia ndani milimita 12. Kwa digrii 36 huingia 18, na litasugua reli. Kaa na 8.

Kabla ya kubana gia kwenye servo, washa umeme kwanza ili servo ijipange katikati. Usipofanya hivyo, gari litavuta upande mmoja siku zote na hakuna bushi itakayoliponya.

Umeme

Betri za bei ya chini za kaboni na zinki hazifai. Volti zinasoma sawa kwenye mita, lakini mota ikianza kuvuta zinaanguka, risiva inazima na kuwaka tena. Tumia za alkalini au za kuchaji. Sita za kuchaji zina volti 7.2 badala ya 9, kwa hiyo mwendo utapungua kama sehemu moja ya tano, ila hautashuka ovyo hadi zikaribie kuisha.

Unaweza kutumia seli mbili za lithiamu za 18650, volti 7.4, zikijaa 8.4. Ziwe na saketi ndogo ya ulinzi na chaja ya seli mbili. Seli tatu ni volti 12.6 zikijaa, na risiva ya volti 9 haikuundwa kwa hiyo. Kata waya mmoja wa kurefushia: ndani kuna njia nne bapa. Mbili za pembeni ndizo umeme wa kudumu, hasi na chanya. Mbili za kati ndizo zinazoendesha mota na hugeuka kulingana na upande wa mwendo. Pima kwa mita kabla ya kulehemu, usikisie.

Risiva husikiliza mwanga wa rimoti usioonekana. Jua kali la saa sita Nairobi huufunika, na gari hutii ukiwa karibu tu. Cheza kivulini au ndani. Acha dirisha la risiva wazi kwenye paa. Wengi hulificha chini ya keria halafu wanalaumu betri.

Bodi

Pasha gari mwendo likiwa uchi kwa nusu saa. Likiridhisha, ndipo ujenge kuta. Tumia paneli na fito nyepesi, ukuta wa unene mmoja, paa linalofunguka kwa pini nne ili ufikie betri. Pima gari zima kwenye mizani ya duka: lisizidi kilo 1.5. Kila gramu ya paa inaumiza mara mbili, kwa uzito na kwa kuyumba. Michoro chapisha kwenye karatasi, funika kwa selotepu angavu na ubandike. Rangi ya kopo huingia kwenye matundu na kuharibu mshiko.

Maboresho

Taa. Matatu bila taa ni gari la mizigo. Taa nyeupe ya LED ya milimita 5 hutumia volti 3 hivi. Kwa volti 9 na miliampia 20, kizuizi ni (9−3)÷0.02, yaani omu 300, nunua 330. Nyekundu hutumia volti 2, weka 390. Nyeupe mbili mfululizo zinahitaji omu 150 tu. Ziunge kwenye njia za pembeni na zitawaka muda wote. Taa ya kurudi nyuma iunge kwenye njia mbili za kati za mota: itawaka mota ikizunguka upande mmoja pekee. Geuza miguu yake hadi iwake gari likirudi, na uweke diodi ya 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu) mfululizo nayo, kwa sababu LED haivumilii volti 9 za kinyume.

Matuta. Fremu ngumu ina ubaya mmoja: gurudumu moja likipanda tuta, jingine huning'inia. Difu hupeleka nguvu kwa gurudumu lenye kazi nyepesi, hivyo lile la hewani linazunguka bure na gari linasimama. Dawa rahisi ni kuifanya ekseli ya mbele ibembee: ishike kwa pini moja isiyo na ukinzani katikati, mbele na nyuma, iweze kupanda na kushuka digrii kama 10 kila upande. Servo ifungwe kwenye ekseli hiyo hiyo, si kwenye reli, la sivyo kila tuta litageuza usukani. Magurudumu yote manne yatagusa chini bila springi hata moja.

Likiugua

Linarusha meno: kaza kinachoishika gia, usibadilishe gia. Likirusha tena kwa mota ya XL, usitegemee gia nyeupe ya meno 24 yenye klachi kati ya mota na difu. Ina alama 2.5 na 5, na huteleza nguvu ikifikia kiasi hicho cha nyutoni-sentimita. Kwa gari zito itateleza mapema mno, kwa hiyo ni ya usukani wa mota ya M zaidi kuliko ya mwendo.

Linavuta kushoto: legeza bushi ya gurudumu la kushoto kwanza, kisha kagua katikati ya servo.

Mota ina joto kiasi cha kukwepesha kidole: zima, subiri, rudia jaribio la ubao ukiwa umechomoa mota.

Linapungua nguvu wiki baada ya wiki: chomoa magurudumu. Nywele za zulia na vumbi hujiviringisha kati ya bushi na ufito. Zitoe kwa kibanio, futa ekseli kwa kitambaa kikavu. Usitie oili ya gari. Vumbi litaganda humo na kuwa kama sandpepa.